Upinde uliotoka kwenye fungu la kuni: kwa nini nasema mzee aachwe afundishe



Jumamosi iliyopita, katika kipindi cha asubuhi, nilizungumza kwa dakika 5 juu ya mzee mmoja Mmbuti anayeishi katika saiti ya wakimbizi wa ndani hapa Komanda, terituwari ya Irumu. Nilisema mzee huyo anachonga pinde kwa miti iliyopinda, yenye mafundo, ile ambayo sisi wengine tunaisukuma chini ya sufuria. Nilisema pia kwamba, kwa maoni yangu, wakubwa wa saiti wampe nafasi awafundishe watoto waziwazi. Kabla sijatoka studio, simu zikaanza kulia. Mama mmoja aliniuliza kama nimesahau tunaishi wapi. Baba mmoja alisema mtoto anahitaji daftari, hahitaji mshale. Wa tatu alisema tu, "Mtangazaji, leo umetukosea," akakata.

Sikukasirika. Waliopiga simu wana sababu zao, na nitazitaja hapa chini bila kuzipunguza. Lakini dakika 5 za redio hazikutosha kueleza nilivyoingia katika habari hii, wala nilichokiona kwa macho yangu. Leo nitaeleza yote, halafu kila mtu apime mwenyewe.

Ukuni mmoja

Mimi, kama mama mwingine yeyote wa Komanda, napika kwa kuni na makaa. Siku hiyo nilikuwa nimetoka saiti kurekodi malalamiko ya watu juu ya maji, nikanunua fungu la kuni kwa mama mmoja kando ya njia. Mzee alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake cha turubai, kisu mkononi. Aliliangalia lile fungu kwa muda, akaniambia:

"Mama, ukuni ule mmoja usiuchome."

Nikamwuliza upi. Akanionyesha ule uliokuwa mbaya kuliko zote. Ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono wangu, na urefu wake kutoka chini ulifika kifuani. Katikati ulipinda kama goti. Upande wa juu ulikuwa na mafundo mawili, na mti wote ulikuwa umejisokota kama nguo mtu anapoikamua maji.

"Mzee, huu hata kwa kuni unasumbua. Hautakaa vizuri kwenye mafiga."

"Basi nipe mimi. Nitakulipa."

Akanipa kuni mbili nzuri badala ya ule mmoja. Nilienda nyumbani nikijiona nimefanya biashara nzuri.

Wiki tatu baadaye nilirudi saiti kwa kazi nyingine. Mzee akaniita, akatoa kitu nyuma ya kibanda. Ulikuwa ni ule ukuni wangu, sasa upinde. Goti lilikuwa bado lipo. Mafundo yalikuwa bado yapo, yameachwa na nyama yake kuzunguka. Lakini alipofunga upote, ule uzi wa kekele iliyopasuliwa, ulipita katikati ya mahali pa kushikia, sawasawa kabisa. Akauvuta. Nusu ya juu na nusu ya chini zilikunjika pamoja, ingawa hazikufanana kwa umbo hata kidogo. Akaweka mshale wa mti mtupu, usio na chuma, akaupiga kwenye shina la mgomba lililokuwa hatua 20 kutoka tulipokaa. Ulizama.

Ubao wangu ulionyooka

Hapo nikafanya jambo ambalo leo linanichekesha. Nilitaka kumsaidia mzee. Nilidhani anatumia miti mibaya kwa sababu hana mingine, kwa hiyo nikapita kwenye atelie ya seremala nikanunua kipande cha ubao: kimenyooka, kimepigwa randa, hakina fundo hata moja. Nikampelekea kwa furaha.

Mzee alikipitisha kidole kutoka ncha hadi ncha, polepole. Akanionyesha mistari midogo ya mti ndani ya ule ubao. Haikufuata urefu wa ubao. Ilianza upande mmoja, ikakata mshazari, ikatokea pembeni. Msumeno ulikuwa umenyoosha ubao, lakini ulikuwa umezikata nyuzi za mti.

"Huu umenyooka kwa macho tu," alisema. "Ndani umekwisha kukatwa."

Nikamwomba ajaribu hata hivyo. Alikubali kwa heshima tu, nafikiri. Alifanya kazi siku mbili, na siku ya tatu nilikuwapo. Aliwaambia watoto wakae mbali. Alivuta kidogo, akavuta tena, na kabla hajafika nusu ule ubao ukavunjika pale pale mistari ilipotokea pembeni. Ulitoa mlio mkali. Watoto watatu waliokuwa wakitazama wakalala chini kifudifudi, mikono kichwani. Hakuna aliyewaambia walale. Wazazi wanaonisoma wanajua walijifunzia wapi.

Tangu siku ile nimemwuliza mzee maswali mengi, na ninayoyaandika hapa chini ni yale aliyonieleza na yale niliyoyaona akiyafanya.

Kasoro inayoua na kasoro isiyoua

Mzee anazigawa kasoro za mti katika mafungu mawili.

La kwanza ni kasoro zinazoua upinde: ufa, kuoza, matundu ya wadudu, na nyuzi zilizokatwa. Mti wenye moja ya hizo, hata ukiwa umenyooka kama mlingoti, anaurudisha jikoni bila kusikitika.

La pili ni kasoro za umbo: kupinda, kujisokota, fundo zima lisilooza. Hizo haziui. Zinadai muda na macho.

Sababu yake ni rahisi. Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaotazama mbele, kule mshale unakoenda. Tumbo linamtazama mpigaji. Ukiuvuta, nyuzi za mgongoni zinanyooshwa, za tumboni zinabanwa. Nyuzi za mgongoni zikiwa nzima kutoka ncha hadi ncha, zinavumilia. Zikikatwa mahali, pale ndipo upinde unapopasukia. Kwa hiyo mzee anatoa ganda taratibu upande wa mgongo, na chini ya ganda hagusi tena. Hapitishi kisu pale hata mara moja. Kazi yote ya kuchonga anaifanya upande wa tumbo na pembeni. Mti ukienda kushoto, kisu chake kinaenda kushoto. Mti ukirudi, naye anarudi.

Akifika kwenye fundo halikati. Nyuzi za mti zinalizunguka fundo kama njia ya miguu inavyozunguka kichuguu. Ukilisawazisha fundo ili upinde uwe mzuri machoni, umezikata nyuzi zinazolizunguka. Kwa hiyo anaacha unene zaidi pale, na upinde unakuwa na uvimbe. Haoni aibu juu ya uvimbe huo.

Kupinda kwenyewe kunaachwa au kunasahihishwa kidogo. Kipimo chake ni kamba. Anaishika kamba kutoka ncha moja hadi nyingine na kuangalia inapita wapi. Ikipita juu ya mahali pa kushikia, basi, hata kama mti unakwenda kama nyoka, haugusi. Ikipita nje, anautia mti moto. Hautii ndani ya moto wenyewe. Anaupaka mafuta ya mawese usiungue, anaushikilia juu ya makaa au kwenye mvuke wa sufuria karibu nusu saa, akiugeuza, halafu anaukunja polepole kwenye goti na kuufunga kwenye nguzo hadi kesho. Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi. Mti pia ni hivyo, ila mti mkavu kidogo moto unaweza kuurudishia ulaini kwa muda mfupi.

Halafu kukausha. Mti mbichi ukivutwa unabaki umekunjika na hauna nguvu. Mti uliokaushwa juani haraka unapasuka kwenye ncha. Mzee anaupunguza kwanza unene, halafu anauweka kivulini, juu kidogo ya moshi wa jiko, na anangoja.

Kuondoa pale palipo pagumu

Kazi ya mwisho ndiyo iliyonifundisha zaidi. Upinde ukishakauka, unavutwa kidogo tu, na mzee anautazama kwa mbali. Mahali fulani panakunjika sana. Mahali pengine pamekaa kama mfupa. Mimi ningefikiri tatizo ni pale panapokunjika sana. Mzee anasema pale usipaguse hata kwa ukucha, maana ndipo panapobeba mzigo wa wote. Unachukua kisu, unaparuza pale palipo pagumu, pasipofanya kazi. Kidogo. Unavuta tena, unatazama tena. Unaendelea hivyo hadi upinde wote ubebe kwa usawa.

Nikamwuliza watu wengi wanaharibu wapi. Akasema ni hapo: wanakuwa na haraka, wanakata sana, na mti uliokatwa haurudi. Na wengine wanavuta upote na kuuachia bila mshale. Nguvu ikikosa mshale wa kuubeba inarudi ndani ya mti, na mti unavunjika.

Kwa nini nasema sasa

Wasikilizaji wengine wanaweza kuuliza kwa nini habari ya useremala inachukua nafasi ya habari za usalama. Naona ni habari za usalama pia, na nitaeleza.

Mzee huyu anatoka katika sheferi ya Walese Vonkutu. Wote tunajua yaliyotokea huko, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 kati ya Komanda na Luna, na vijiji vilivyobaki vitupu. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Mei 2021, na bado familia zinalala chini ya turubai. Kwa mkulima, kukimbia ni kupoteza shamba, mbuzi na nyumba. Kwa Mmbuti ni kupoteza pia msitu, na msitu ndio uliokuwa shule ya watoto wake.

Watu wanawachanganya Wambuti wote pamoja, lakini msituni hawakuwinda kwa namna moja. Upande wa Epulu na Mambasa wengi waliwinda kwa nyavu, watu wengi kwa pamoja, wanawake wakifukuza mnyama, nyavu zenyewe zikisokotwa kwa nyuzi za mmea wa msituni unaoitwa kusa. Waefe, kaskazini na mashariki ya msitu wa Ituri, ni watu wa upinde. Upinde wao ni mfupi, kwa sababu porini mtu anapita chini ya matawi. Mishale ya kumpiga mboloko, yule paa mdogo, ina chuma; ya nyani ni mti uliochongwa na kutiwa sumu. Nyuma ya mshale hakuna manyoya, kuna jani lililochomekwa. Haya yote hayakuandikwa katika daftari la mtoto yeyote. Yalipita kutoka mkono hadi mkono.

Mzee aliniambia kitu ambacho sikukirusha redioni kwa sababu muda uliisha. Kule msituni hakuwa anahangaika na miti iliyopinda. Mtu alichagua mti mchanga ulionyooka, akaukata, akaenda. Miti mibaya alionyeshwa na baba yake kama mazoezi tu, ili ajue kusoma nyuzi. Alipofika hapa hakuchonga kitu kwa miaka miwili. Alikuwa anangoja amani irudi ili apate mti mzuri. Halafu siku moja mjukuu wake akamwuliza kama ile picha ya upinde katika kitabu cha shule ni kinubi. Mtoto huyo walikimbia naye angali mgongoni. Hajawahi kuona mtu akichonga.

"Nikaona nikingoja mti ulionyooka," alisema mzee, "mimi nitakufa na mtoto atabaki hivyo."

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Wengi wetu katika saiti tumeahirisha maisha. Tunasema tutawafundisha watoto tutakaporudi. Tutawaonyesha kusuka, kufinyanga, kutega samaki, kuimba nyimbo za matanga, tutakaporudi. Miaka inapita. Mtoto wa miaka 4 amekuwa wa 9.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa miaka 14 alikutwa kwenye bariera moja akiwa na upinde wa marehemu baba yake. Alikuwa anaupeleka kwa mjomba autengeneze. Ulivunjwa mbele yake, naye akalala ndani usiku mmoja. Familia ilikusanya faranga ili atoke. Kesho yake mama mmoja katika saiti hiyo hiyo alichukua pinde mbili za mume wake akazichoma, kwa hofu. Simlaumu mama huyo. Ningekuwa na mtoto wa kiume wa miaka 14, labda ningefanya hivyo hivyo. Lakini ujuzi ukijificha, watoto wanaupata vichochoroni bila mzee, bila kanuni. Ndiyo maana nasema hili ni jambo la usalama.

Wanaonipinga

Sasa nije kwa waliopiga simu.

Mama wa kwanza aliniuliza kama nimesahau tunaishi wapi. Mama, sikusahau. Hapa Ituri, katika vita vya 1999 hadi 2003, watu waliuawa pia kwa mapanga na mishale. Kusini, katika jimbo la Tanganyika, ugomvi kati ya Watwa na Waluba, hasa mwaka wa 2016 na 2017, uliua watu kwa mishale na kuwafukuza wengine wengi makwao. Mtu aliyemwona ndugu yake na mshale mgongoni hawezi kuuangalia upinde kama chombo cha utamaduni tu. Hilo nalikubali, na ndiyo maana sisemi kila mtoto apewe upinde atembee nao. Lakini panga pia liliua watu, na hakuna anayesema mkulima asimfundishe mwanawe kulima na panga. Tunamfundisha, na pamoja na kumfundisha tunamwekea mipaka. Mtoto asiyefundishwa na mzee atafundishwa na yule anayemwita usiku kule porini, na huyo hatamwekea mipaka.

Baba wa pili alisema watoto wanahitaji daftari. Ni kweli, na mimi niliyefika hapa kwa sababu ya daftari siwezi kusema kinyume. Lakini mzee haombi saa za shule. Anaomba Jumamosi mchana. Na mtoto anayejifunza kupima kwa kamba, kutazama, kupunguza kidogo na kungoja, hapotezi kitu cha shule.

Wengine walisema Wambuti wanahitaji chakula, si upinde. Hapa lazima niseme ukweli: upinde huu hautamlisha mtu katika saiti. Hakuna mboloko kati ya mahema, na kwenda kuwinda mbali leo ni kwenda kutafuta kifo. Sitaki mtu adhani ninauza tumaini la nyama. Chakula tuendelee kukidai, na mimi nitaendelea kuuliza maswali yale yale kwa wanaokigawa. Lakini mtu aliyekosa chakula hajaacha kuwa na kitu cha kumwachia mwanawe. Tukimhesabu mzee kama kichwa kimoja cha kupokea unga, na basi, tumempunguza zaidi ya vita vilivyompunguza.

Wa tatu, aliyekata simu, hakunipa sababu. Namwalika apige tena.

Nchi yetu pia imesema jambo juu ya hili. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda na kukuza haki za wenyeji asilia Pigme, utamaduni wao ukiwemo. Sheria hiyo ilipotoka tulisoma habari yake redioni na watu wakapiga makofi. Kama ina maana yoyote katika saiti ya Komanda, basi ianze na mzee mmoja kuruhusiwa kukaa kivulini na kisu chake bila kuonekana mhalifu.

Ninachoomba

Maoni yasiyo na pendekezo ni kelele tu. Nimezungumza na mzee, na wamama wawili wa kamati ya saiti, na vijana. Haya ndiyo tunayoona yanawezekana bila pesa nyingi.

Kwanza, mafunzo yafanyike mahali pa wazi, siku inayojulikana, na prezida wa saiti awaarifu viongozi wa usalama mapema, kwa maandishi. Kitu kinachofanyika waziwazi hakihitaji kuelezwa kwenye bariera usiku.

Pili, pinde zisitoke nje ya saiti. Zibaki kwa mzee. Mtoto anakuja, anachonga, anapiga, anaacha, anaenda nyumbani mikono mitupu. Hasa vijana wakubwa.

Tatu, mishale iwe ya mti, butu, bila chuma, na sumu isiguswe kabisa. Shabaha iwe shina la mgomba uliokwisha kuzaa, na watoto wote wakae nyuma ya anayepiga. Anayeelekeza mshale kwa mwenzake, hata kwa mchezo, asirudi tena.

Nne, mti usikatwe katika mashamba ya wenyeji. Tunajua ugomvi wa kuni kati ya wakimbizi na familia zilizowapokea. Mti mmoja mchanga uliokatwa bila ruhusa unaweza kuleta matusi ya mwezi mzima. Hapa ndipo miti iliyopinda inatusaidia. Imo tayari katika mafungu ya kuni. Mama anayeuza kuni akiona mti mzima, usio na ufa, mnene kama kifundo cha mkono, auweke pembeni, na mzee atambadilishia kuni nyingine, kama alivyofanya nami.

Tano, wasichana wasifukuzwe. Najua wazee wengine watasema upinde ni kazi ya wanaume. Mzee wangu pia alisema hivyo mwanzoni. Lakini watoto wa kike wawili wamekuwa wakikaa karibu naye kila siku, na mmoja wao, mzee mwenyewe alikiri, anaona mahali pagumu kwenye mti kabla yake yeye. Alisema macho yake yamechoka na ya mtoto bado. Nikamwambia basi ametoa jibu mwenyewe. Akacheka.

Na sisi watu wa redio tuna deni letu. Tumewarekodi wazee wa Kimbuti mara nyingi wakilia juu ya waliokufa. Mara chache tumewarekodi wakieleza wanachokijua. Nimeomba kwa wakubwa wangu dakika 15 kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa wazee wa saiti, wa kila kabila, kila mmoja aeleze kazi ya mikono yake, kwanza kwa lugha yake, halafu kwa Kiswahili. Bado sijajibiwa. Mkiona ni jambo jema, semeni kupitia klabu za wasikilizaji. Sauti zenu zina nguvu kuliko barua yangu.

Jumamosi hii mzee amekubali kuja studio. Atakuja na upinde wa ule ukuni wangu, bila mshale, na mlinzi wa mlango ameshaarifiwa. Mama uliyeniuliza kama nimesahau tunaishi wapi, nakuomba wewe upige simu wa kwanza. Mwulize yeye mwenyewe. Laini itafunguliwa baada ya habari za saa moja asubuhi.

Na kama kesho jioni unakoka moto na kuna ukuni mmoja umejisokota, haukai kwenye mafiga, uangalie kama una ufa. Kama hauna, mpelekee mzee. Atakupa mbili.